Kuchunguza mafuta yaliyovuja ardhini: oga, fimbo za kusukuma au rigi, na maji yachotwe vipi

Mwenye bohari ya mafuta akitangaza kazi ya kuchunguza uvujaji, kotesheni zinazorudi hazifanani hata kidogo. Mmoja anapendekeza mashimo 40 ya oga ya mkono, yaani kekee ya kuzungusha ardhini, na kipimamvuke. Wa pili anataka visima 4 vya kudumu na sampuli za maji, basi. Wa tatu anakuja na rigi kubwa, mtambo wa kuchimba, na bei yake imewapita wote. Ukiwapanga kwa jumla ya bei utapotea, kwa sababu kila mmoja amejibu swali tofauti.

Maswali ni mawili. Mafuta yako wapi? Hilo linataka pointi nyingi, za haraka na za bei nafuu, hata kama usahihi wa kila pointi ni mdogo. Maji yamechafuka kiasi gani, na yanaelekea wapi? Hilo linataka pointi chache zilizojengwa vizuri, hadi namba ya maabara iweze kusimama mbele ya wasimamizi wa mazingira (NEMC ya Tanzania, NEMA ya Kenya) au mahakama. Ulinganisho huu wote umejengwa juu ya jambo moja: njia nafuu itumike kuonyesha mahali pa kuweka njia ghali, na isiruhusiwe kamwe kujibu swali ambalo si lake.

Tunazungumzia bohari na viwanda vya ukanda wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, ambako mchanga, mfinyanzi na mwamba wa matumbawe hukutana, na karibu na ufuo maji ya ardhini hupanda na kushuka pamoja na bahari.

Bidhaa kwanza, mashine baadaye

Kabla ya kuchagua kifaa, jua kilichovuja. Petroli ina benzeni, ambayo huyeyuka kwenye maji kwa takribani gramu 1.8 kwa lita. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha benzeni katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Kwa hesabu hiyo, gramu 1 ya benzeni inatosha kuzifikisha lita 100,000 za maji kwenye kikomo. Petroli yenye benzeni asilimia 1 huibeba gramu hiyo ndani ya mililita zisizofika 140. Ndiyo maana bomba linalodondosha tone baada ya tone lina hatari kuliko ndoo ya dizeli iliyomwagika mbele ya watu.

Dizeli na mafuta ya taa yana mvuke mdogo na benzeni kidogo, lakini yana naftaleni na jamii yake. Mafuta mazito ya boila hayaendi mbali wala hayayeyuki sana. Hukaa yalipomwagika na kuganda. Eneo lililohifadhi petroli kabla ya 2006, mwaka ambao petroli yenye risasi iliondolewa rasmi katika nchi zetu, lipimwe pia risasi na dibromoethani, kemikali iliyokuwa ikiwekwa pamoja na risasi na ambayo husafiri vizuri ndani ya maji. Maabara haitaipima bila kuagizwa.

Kusanya michoro ya mabomba, rekodi za dipu (vipimo vya kina cha mafuta ndani ya tangi) na hesabu za mafuta yaliyopokelewa dhidi ya yaliyouzwa. Pointi za kwanza ziwekwe kwenye sehemu za kupakia malori, maungio ya mabomba yaliyozikwa, valvu za kumwagia maji ya chini ya tangi, na kitenganishi cha mafuta na maji. Hicho cha mwisho husahauliwa mara nyingi, nacho hupasuka sakafu bila mtu kujua.

Kutoboa ardhi: njia tano

| Njia | Kina cha kawaida | Inapofaa | Inaposhindwa |
|---|---|---|---|
| Shimo la ekskaveta | mita 3–4 | Kuona tabaka, kutafuta mabomba na matangi ya zamani | Karibu na miundombinu. Kuta huporomoka kwenye maji |
| Oga ya mkono | mita 3–5 | Mfinyanzi, sehemu finyu, bajeti ndogo | Mchanga chini ya maji, kifusi, matumbawe |
| Fimbo za kusukuma na kugonga | mita 10–15 | Mchanga na mfinyanzi laini; pointi nyingi kwa siku | Matumbawe, changarawe kubwa |
| Oga kubwa yenye uwazi katikati | mita 20–30 | Visima vya kudumu vya bomba la milimita 50 | Mwamba. Hutoa udongo mwingi wa kutupa |
| Rigi ya hewa na nyundo | zaidi ya mita 30 | Mwamba wa matumbawe | Sampuli za udongo zenye mvuke |

Kama ardhi ni mchanga au mfinyanzi na bajeti inaruhusu, chukua fimbo za kusukuma kwa hatua ya kwanza. Mashine hii, ambayo wengi huiita Geoprobe kwa jina la kampuni, husukuma bomba lenye mfuko wa plastiki ndani yake na kuvuta kipande kizima cha udongo, kwa kawaida cha mita 1.2 au 1.5 kwa mkupuo. Unaona mpaka wa mchanga na mfinyanzi kwa jicho lako, na unaona doa la mafuta limesimama juu ya tabaka gani. Haileti lundo la udongo mchafu juu ya ardhi, jambo lenye thamani kubwa mahali ambapo kutupa pipa moja la udongo wa mafuta kunahitaji mkandarasi mwenye leseni.

Oga ya mkono si njia ya maskini tu. Mita 1.2 hadi 1.5 za mwanzo za kila shimo ndani ya bohari zichimbwe kwa mkono, hata kama rigi imesimama pembeni, kwa sababu mabomba ya mafuta, nyaya za umeme na mabomba ya povu la zimamoto hayako mahali mchoro unaposema. Udhaifu wake ni kwamba kila inapotolewa hukwangua kuta, na udongo mchafu wa juu huanguka chini. Sampuli ya mita 4 inaweza kubeba mafuta ya mita 1. Safisha kichwa cha oga kila mkupuo, tupa sentimita chache za juu za kila kipande, na usiitumie sampuli ya oga kama ushahidi pekee kwamba uchafuzi umefika chini.

Rigi ya hewa ina mitego miwili. Hewa ya moto inayopulizwa shimoni hupeperusha petroli kutoka kwenye vipande vya mwamba, kwa hiyo maabara ikisema hakuna benzeni katika vipande hivyo usiiamini. Pia kompresa hutoa ukungu wa mafuta yake yenyewe. Dai kichujio kwenye hewa inayotoka, na uchukue sampuli ya mafuta ya kompresa ili maabara iyatofautishe na yanayotafutwa. Katika matumbawe hakuna njia nyingine ya maana, basi ukubali kwamba sampuli za udongo hazitakusaidia, fedha ziende kwenye maji.

Kibali cha kuchimba visima kiulizwe mapema: Kenya kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, Tanzania kwa bodi ya maji ya bonde husika. Kwenye eneo lenyewe, kipima gesi inayolipuka kiwe mdomoni mwa shimo muda wote, na kazi isimame kikifika asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kulipuka, yaani kiasi kidogo kabisa cha gesi hewani kinachoweza kushika moto.

Kupima mvuke: kipimamvuke, gesi ya udongo au maabara?

Kipimamvuke cha mkononi, PID kwa mafundi, kinasoma mvuke kwa taa ya urujuanimno. Taa ya kawaida ni ya 10.6 eV (kipimo cha nishati ya mwanga), na benzeni inahitaji 9.24, kwa hiyo inaonekana. Methani haionekani kabisa. Jaza nusu ya mfuko wa plastiki udongo, funga, ponda kwa vidole, acha kama dakika 10 kivulini, kisha ingiza ncha ya kifaa na uandike namba ya juu kabisa. Mifuko yote ikae muda uleule na joto lilelile, vinginevyo unalinganisha jua na kivuli. Unyevu wa pwani hushusha usomaji, na matone ndani ya kifaa huupandisha ovyo. Kikaguliwe kwa gesi ya isobutileni kila asubuhi, na tena katikati ya siku.

Namba ya kipimamvuke si miligramu kwa kilo. Inakuambia kipande kipi kiende maabara, basi. Kwa petroli inafanya kazi hiyo vizuri sana. Kwa dizeli ya zamani inaweza kusoma karibu na sifuri huku udongo umejaa mafuta. Hapo tumia jicho, pua ya tahadhari, na jaribio la maji: weka kijiko cha udongo kwenye chupa yenye maji, tikisa, utazame utando wa rangi juu.

Gesi ya udongo inachukuliwa kwa kuingiza bomba jembamba mita 1 hadi 1.5 na kuvuta hewa polepole. Kwa petroli kwenye mchanga mkavu, pointi 30 kwa siku chache huchora umbo la uchafuzi vizuri kuliko mashimo 10 ya udongo. Kwenye mfinyanzi, wakati wa masika, au pale maji yapo mita 1 chini, usitoe hata shilingi: gesi haipiti, na sifuri yake haimaanishi pasafi.

Kipo pia kichunguzi kinachosukumwa pamoja na fimbo na kuangaza leza ardhini ili mafuta yang'ae. Huonyesha mafuta yenyewe sentimita kwa sentimita, lakini hakioni yaliyoyeyuka kwenye maji. Gharama ya kukiagiza hulipa kwenye eneo kubwa tu, lenye mafuta mengi na historia ndefu.

Sampuli za udongo kwa ajili ya benzeni zina sharti lake. Usichanganye udongo wa pointi tatu kwenye chombo kimoja, usichunge, usiache kipande wazi ukisubiri picha. Chomoa takribani gramu 5 kwa bomba dogo mara kipande kinapofunguliwa na utumbukize kwenye chupa yenye methanoli iliyokwisha kupimwa. Kila shimo litoe angalau mbili: moja kwenye usomaji wa juu kabisa, nyingine pale usomaji unapokwisha, maana bila hiyo ya pili hujui kina cha uchafuzi.

Kisima cha muda au cha kudumu

Hapa ndipo tungemwomba mwenye fedha asibane.

Kisima cha muda ni bomba la milimita 25 lililoshushwa kwenye shimo la fimbo, maji yakachotwa siku hiyohiyo, bomba likatolewa. Ni cha bei ndogo na kinafaa kuonyesha maji mabaya yanakoishia. Lakini maji yake ni tope, na benzeni na mafuta yaliyoshikamana na tope hupandisha namba. Tena hakirudiwi, na swali la pili linataka kurudiwa.

Kisima cha kudumu cha milimita 50 kina sehemu zake, na kila moja ikikosewa kisima kinakufa. Bomba la matundu lipitie usawa wa maji, matundu yaanze juu ya kiwango cha maji cha msimu wa mvua na yaishie chini ya kile cha kiangazi, kwa kawaida mita 3 hadi 4.5 kwa jumla. Mafuta huelea, matundu yakianza chini ya maji, tabaka lote la mafuta litakaa nje ya kisima na ripoti itasema hakuna. Hilo ndilo kosa tunaloliona baya kuliko yote, kwa sababu halionekani kwenye karatasi. Kuzunguka matundu, mchanga safi wa kuchuja hadi nusu mita juu yake. Kisha bentonaiti ya vidonge, mfinyanzi unaovimba na kuziba, kati ya sentimita 60 na mita 1, imwagiwe maji ivimbe. Kisha saruji iliyochanganywa na bentonaiti. Mwisho kifuniko cha kufuli kisichoingiza maji ya mvua. Mabomba yaungwe kwa skrubu zake. Gundi ya PVC ina viyeyushi ambavyo vitaonekana maabara na kuleta mjadala usio na mwisho.

Idadi? Visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja ndiyo chini kabisa, kwa sababu mwelekeo wa maji hupatikana kwa pembetatu. Vinne hadi sita ni vya kawaida kwa bohari ndogo: kimoja juu ya mkondo, viwili karibu na chanzo, vilivyobaki upande maji yanakokwenda, kimoja kwenye mpaka na jirani.

Ukikuta mafuta ndani ya kisima, pima unene wake kwa utepe wa kutambua maji na mafuta, kisha sahihisha kiwango cha maji: unene mara msongamano, ujumlishe. Tabaka la petroli la sentimita 40 lenye msongamano 0.75 linaongeza sentimita 30. Bila hesabu hiyo ramani yako ya mkondo itaelekeza maji kwenye kisima chenye mafuta, kana kwamba kuna shimo. Unene huo wa kisimani si unene wa ardhini pia. Kwenye mfinyanzi huzidi kwa mbali. Wala usipime benzeni ya maji kwenye kisima chenye mafuta. Chota mafuta yenyewe, maabara itambue ni petroli au dizeli, mpya au ya kale.

Karibu na bahari kuna kazi ya ziada. Maji makuu ya pwani yetu hutofautiana na maji kupwa kwa zaidi ya mita 3, na visima vya karibu na ufuo hufuata. Ukipima kisima cha kwanza asubuhi na cha mwisho alasiri, umechora ramani ya bahari. Weka vipimashinikizo vinavyorekodi kila saa katika visima vyote kwa saa 71 mfululizo na utafute wastani wake. Kama havipo, visima vyote vipimwe ndani ya nusu saa, mara kadhaa kwa siku.

Kuchota maji: chombo cha kamba, pampu ya polepole au mfuko

Chombo cha kamba ni rahisi, hakihitaji umeme, na kila kisima kinapata chake kipya. Sheria ya zamani ni kutoa mara tatu ya maji yaliyomo: kisima cha milimita 50 kina karibu lita 2 kwa kila mita, kwa hiyo mita 3 za maji ni lita 6, mara tatu lita 18. Kukitumbukiza kwa kishindo hukoroga tope na kuingiza hewa, benzeni ikapungua na mafuta yaliyoshikamana na tope yakaongezeka. Kosa la pande mbili kwa mkupuo mmoja.

Pampu ya polepole huvuta mililita 100 hadi 500 kwa dakika, maji ya kisima yakishuka chini ya sentimita 10, huku ukisoma pH, upitishaji umeme na oksijeni hadi vitulie mara tatu mfululizo: pH ndani ya 0.1, upitishaji ndani ya asilimia 3, oksijeni ndani ya asilimia 10. Ni ghali na ya subira, nasi tunaichagua kila mara namba itakapotumika kisheria. Pampu ya kukamua mpira inakomea kwenye kina cha mita 7 au 8, tena mvuto wake hufukuza benzeni. Kwa maji ya kina tumia pampu ya kibofu.

Mifuko ya polyethilini yenye maji safi huachwa kisimani wiki 2, benzeni ikajipenyeza yenyewe. Ni nafuu na safi kwa ufuatiliaji wa miaka, lakini haishiki MTBE, kiongezi cha petroli, kwa hiyo mahali panaposhukiwa MTBE iache.

Chupa za benzeni ni za mililita 40, zijazwe hadi mdomo bila povu hata moja. Kwa kawaida huwekwa asidi, nazo hudumu siku 14 kwenye barafu. Katika maji ya matumbawe fanya jaribio kwanza: yakichemka yakikutana na asidi, ni chokaa inayotoa gesi, na benzeni inaondoka nayo. Hapo chukua bila asidi na maabara ipime ndani ya siku 7. Hesabu siku za uwanja wa ndege kabla ya kuchagua maabara ya nje. Kila sanduku liwe na chupa ya maji safi iliyosafiri nalo, na sampuli pacha moja kwa kila kumi.

Kwa maabara, dai ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, kwa kipimo husika, si kwa jengo. Jumla ya mafuta ya petroli peke yake haitoshi. Dai sehemu nyepesi na nzito zitenganishwe, pamoja na benzeni, tolueni, ethilibenzeni, zaileni na naftaleni. Penye matope ya mikoko, agiza usafishaji kwa silika, la sivyo majani yaliyooza yatahesabiwa kama mafuta.

Tungechagua nini

Mchanga, petroli, maji mita 3 hadi 6: gesi ya udongo, kisha fimbo 15 hadi 20, kisha visima 5. Mfinyanzi na dizeli: acha gesi, oga ya mkono au fimbo, visima 4, na sampuli nyingi zaidi za udongo kuliko za maji. Matumbawe: kupanga mashimo kwa gridi ya umbali sawa hakuna maana kwa sababu maji hupita kwenye mapango na nyufa, rigi ya hewa, visima vichache, na nguvu ziende kwenye chemchemi za ufuoni na visima vya majirani.

Visima vya majirani visisubiri awamu ya pili popote pale. Mwaka 2015, mafuta ya bomba la Mombasa–Nairobi yalipovuja Thange, Makueni, waliokuwa hatarini kwanza ni watu wanaochota maji mtoni na visimani. Dar es Salaam kaya nyingi zina visima vyake, kwa hiyo orodha ya visima ndani ya mita 500 iandikwe wiki ya kwanza.

Bajeti ikiwa finyu kabisa, punguza idadi ya vipimo vya maabara kwa kila shimo kabla ya kupunguza visima vitatu. Duru mbili za maji ziwe ndani ya bei, moja baada ya masika na moja mwishoni mwa kiangazi: maji yakipanda huyafunika mafuta na kisima huonekana kisafi, yakishuka mafuta hurudi. Na kwenye mkataba, kila kotesheni iandikwe kwa mita ya kuchimba, kwa kisima na kwa sampuli, ili shimo la tano likikuta uchafuzi uliovuka mpaka, la sita liongezwe palepale rigi ikiwa bado uwanjani.